Masazo ya Wadudu, Si Kinyesi

Kamati moja ya istilahi imetoa waraka unaosema kwamba "kinyesi cha wadudu" sasa kinageuzwa malighafi ya "sensa za kemikali". Sensa ni kuhesabu watu. Kifaa kinachohisi ni kihisio, na hilo halihitaji mjadala. Kinyesi ndicho kilichoniudhi.

Neno la kitaalamu, frasi, limetoka katika kitenzi cha Kijerumani kinachotaja ulaji wa mnyama. Asili yake ni mlo, si choo. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2021 nayo inalieleza kuwa mchanganyiko: kinyesi, mabaki ya chakula, vipande vya wadudu na mayai yaliyokufa. Kiswahili kina kitenzi kusaza, na aliyekula akasaza ameacha masazo. Nimelipendekeza neno hilo, nikajibiwa kwa dharau kwamba masazo ni ya mezani. Aliyejibu hajafungua gunia la mahindi huku Makindu, Makueni, akakuta dumuzi wameacha unga, maganda na mizoga pamoja.

Tena wanachokitafuta wanakemia ni kitini, iliyomo katika gamba analojivua buu akikua. Mfaransa Odier aliipa jina hilo mwaka 1823 kutokana na khiton, vazi la Wagiriki wa kale. Wagiriki nao walilipokea neno kwa Wasemiti, na shina hilohilo, kwa njia ya Kiarabu, likatupa sisi kitani. Kitini na kitani ni ndugu wa damu, na wote wawili ni habari ya mavazi. Lugha yenye hazina hii inalazimishwaje kusema kinyesi?

Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Kasarani, Nairobi, wametoa kitini katika magamba ya nzi askari mweusi. Ikipikwa kwa alkali kali huwa kitosani, utando unaoshikilia kingamwili juu ya elektrodi ya kihisio. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, ikinaswa, mkondo wa umeme hubadilika.

Mwaka 2004 watu 317 waliugua kwa sumukuvu ya mahindi mashariki mwa Kenya, wakafa 125, na Makueni na Kitui ndizo zilizoumia zaidi. Mwambie mama wa Makindu kwamba kipimo cha mahindi yake kimetengenezwa kwa kinyesi, naye hatakiruhusu kivuke mlango wa ghala.