Pembe Isiyokatwa: Mafundi Bati wa Mwanza

Katikati ya jiji la Mwanza, karibu na hekalu la Wahindu, pana eneo liitwalo Makoroboi. Jina limetokana na kazi iliyofanyika hapo: mafundi walikaa nje wakigeuza makopo na vyuma chakavu kuwa koroboi, zile taa ndogo za mafuta ya taa, pamoja na miiko na vyombo vingine vya nyumbani. Taa hizo zimepata sifa zake. Lakini katika kazi za fundi bati kipo chombo kingine ambacho, kwa maoni yangu, kina elimu kubwa kuliko koroboi: kibati cha kuokea mkate, kilichokunjwa kisivuje bila tone la lehemu.

Pwani ya Ziwa Viktoria haikuanza jana kujua chuma. Warongo wa upande wa Geita waliyeyusha mawe ya chuma kwa vizazi vingi, na katika karne ya 19 majembe ya Uzinza yalibebwa mabegani kwenda kuuzwa mbali. Hata hivyo, mhunzi hufua chuma kilichoiva motoni. Bati jembamba hufanyiwa kazi likiwa baridi, na halisamehe kosa. Elimu yake ilikuja na bati lenyewe.

Wajerumani waliweka kituo chao Mwanza mwaka 1892. Desemba 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, na kuanzia hapo meli zikaiunganisha Mwanza na bandari za bahari. Miongoni mwa bidhaa zilizosambaa ni mafuta ya taa ndani ya debe la galoni 4, yaani lita 18 hivi, madebe mawili katika kila sanduku la mbao. Mafuta yaliisha, debe likabaki. Likateka maji, likapima mahindi sokoni, na lilipotoboka likapasuliwa na kunyooshwa likawa malighafi. Wafanyabiashara wa Kihindi walileta pia mafundi wao, na vijana wa Kiafrika waliowashikia bati na kuwavutia mivukuto ndio waliokuja kufungua vibanda vyao wenyewe. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora nayo ikaingia Mwanza. Hadi leo fuawe ya fundi bati wa Afrika Mashariki mara nyingi ni kipande cha reli kuukuu.

Mafundi hao walijua kulehemu, na koroboi ilihitaji lehemu. Tumbo lake hukaa na mafuta ya baridi, kwa hiyo kiungo cha risasi na bati hudumu. Chombo cha kuokea ni jambo jingine kabisa. Lehemu ya kawaida huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 183 za Selsiasi, na mkate mara nyingi huokwa kwenye joto la 200 au zaidi. Tena wapishi wetu wengi huoka kwa makaa juu na makaa chini, bila kipimajoto chochote. Kiungo kikilegea, rojo humwagika motoni. Lililo baya zaidi ni risasi yenyewe, ambayo ni sumu, na wanaoumia zaidi ni watoto. Kwa hiyo fundi alipaswa kuziba chombo bila kutumia kitu cha kuzibia.

Huanza na kipande kimoja cha bati kisicho na kiungo. Tuseme anataka kitako cha sentimita 30 kwa 20 na kina cha 10. Atapima sentimita 50 kwa 40, aongeze kidogo pande zote kwa ajili ya ukingo, kisha achore kwa msumari mistari minne inayozunguka kitako. Katika kila pembe patabaki mraba wa sentimita 10. Hapo ndipo mwanafunzi hukosea. Mkono wake hukimbilia mkasi, auondoe mraba, asimamishe kuta, halafu atafute namna ya kuziba mwanya alioufungua mwenyewe.

Fundi aliyeiva haukati. Huchora mstari wa mshazari kutoka pembe ya kitako kwenda nje, na kuta zinapoinuka, mraba ule hujikunja kwenye mstari huo na kutokeza kama pembetatu ya tabaka mbili. Huilaza kwa nyundo ya mbao, kwa nje, juu ya ukuta mfupi. Ukuta huo una sentimita 20. Pembetatu mbili za 10 hukutana katikati bila kupandana. Ndiyo maana kibati chembamba chenye kina kirefu humsumbua zaidi. Mwishowe ukingo hukunjwa juu ya waya, ukazibana pembetatu zisifunguke. Mkasi ukitumika, ni huko juu tu, kupunguza unene wa tabaka mahali ambapo rojo halifiki. Maji hayana pa kupita, kwa kuwa toka kitakoni hadi ukingoni ni bati lilelile moja.

Na nafasi ya kufanya hivyo ni moja. Bati likikunjwa, likakunjuliwa na kukunjwa tena palepale, hukakamaa na kupasuka. Vipimo vyote lazima viwe sahihi kabla ya pigo la kwanza.

Viwandani nako waliifikia njia ya kukunja, ila kwa mashine. Mwaka 1904 iliundwa Marekani Sanitary Can Company, iliyotengeneza makopo ya chakula ambayo kifuniko chake kilibanwa kwa kunjo maradufu badala ya kulehemiwa. Kunjo lile huwekewa utando laini wa kuzibia. Fundi wetu hana utando huo. Ana mstari wa mshazari na jicho lake.

Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni ziliadimika na bati jipya likawa la kutafutwa. Mapipa na makopo yakashika nafasi yake. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, bati likarudi, na vyombo vya kiwandani vikaja nalo. Siku hizi umeme na taa za sola zimeipunguzia koroboi wateja. Mkate bado unaokwa.

SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ipo tangu 1973, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, iliundwa kwa sheria ya 1994. Naziomba zimpe fundi wa kukunja nafasi ya kufundisha, na zimsaidie kupata bati jeusi lisilopakwa zinki. Bati la kuezekea halifai, kwa sababu zinki yake huyeyuka ikikutana na vyakula vichachu.

Nawe mnunuzi, kabla ya kuuliza bei, kigeuze kibati utazame pembe. Ukiona pamekatwa na kuzibwa kwa risasi, kirudishe. Ukiona pamekunjwa, kitie maji na ukiweke juu ya karatasi kavu. Karatasi isipolowa, mlipe fundi bei yake kamili.