Injini ya Mbio kwenye Barabara ya Tope

Masika yakikolea bonde la Kilombero, dereva anayetoka Ifakara kwenda Mlimba hufika Idete akiwa amekwisha kurudi gia namba moja mara nyingi kuliko alivyopenda. Tope hushika magurudumu, magunia ya mpunga hulalia springi, na injini hutakiwa kuvuta taratibu, kwa muda mrefu, bila kuchemka. Kasi haina nafasi katika kazi hiyo. Lakini fungua boneti ya Toyota IST au Probox inayopita hapo, utakuta silinda hedi yenye kemshafti mbili na valvu nne kwa kila silinda, muundo uliozaliwa kwenye mashindano ya magari. Safari ya muundo huo kutoka kwenye mbio hadi kwenye mizigo ni ndefu, na sehemu yake moja muhimu ilianzia Dar es Salaam mwaka 1972.

Muundo wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1912 Peugeot walishinda Grand Prix ya Ufaransa kwa gari la namna hiyo. Faida yake inaeleweka kwa urahisi: valvu nne ndogo hupitisha hewa nyingi kuliko mbili kubwa, na plagi hupata nafasi katikati, hivyo moto husambaa sawasawa. Hata hivyo ilikuwa kazi ghali, yenye vipuri vingi, na kwa miaka mingi magari ya kawaida yalibaki na valvu mbili kwa silinda.

Katika miaka ya 1960, kiwanda cha Cosworth cha Northampton, Uingereza, kililirudia jambo hilo. Mhandisi wake, Keith Duckworth, alichukua bloku ya chuma ya Ford Cortina, gari la watu wa kawaida, akaivisha silinda hedi mpya ya valvu 16. Cortina hiyo haikuwa ngeni huku kwetu: mwaka 1964 dereva Peter Hughes alishinda mashindano ya magari ya East African Safari akiendesha Cortina GT. Injini ya Duckworth iliitwa FVA. Ikiwa na ujazo wa sentimita za ujazo 1,599 tu, ilitoa nguvu farasi zipatazo 218 kwenye mizunguko 9,000 kwa dakika, na kuanzia mwaka 1967 ikatawala mashindano ya Formula 2.

Injini ya namna hiyo huwezi kumpa mtu aende nayo sokoni. Sababu kubwa iko kwenye kemshafti. Ili kujaza silinda hewa kwenye mizunguko 9,000, kemshafti ya mbio huziacha valvu wazi kwa muda mrefu, kiasi kwamba valvu ya kuingiza hufunguka wakati ya kutolea moshi bado haijafunga. Kwenye kasi kubwa hilo ni jema, kwa sababu moshi unaotoka mbio huvuta hewa mpya nyuma yake. Gari likienda polepole, mambo hugeuka: moshi hurudi ndani, petroli mbichi hupotelea kwenye ekzosi, injini hutetemeka na kutaka kuzimika. Ukiitwika magunia na kuiingiza kwenye tope, itakosa mvuto mahali hasa unapouhitaji.

Ford walipotaka injini hiyo iingie kwenye gari la kuuzwa dukani, Cosworth walianza kupunguza. Kazi hiyo aliifanya Mike Hall, na mwaka 1969 ikatoka BDA. Msururu wa gia zilizozungusha kemshafti, wenye kelele na gharama, uliondolewa, ukawekwa mkanda wa mpira wenye meno, ule ambao mafundi wetu huuita taiming belti. Mfumo wa kupulizia petroli ulitolewa, zikafungwa kabureta mbili za Weber. Kemshafti zikawa za upole zaidi. Katika gari la Ford Escort RS1600, lililotangazwa mwaka 1970, injini hiyo ilitoa nguvu farasi 120 kwenye mizunguko 6,500. Karibu nusu ya nguvu ya FVA ilikuwa imeachwa. Kilichohifadhiwa ni ile silinda hedi, yaani uwezo wa kupumua.

Mtihani mkubwa wa BDA ulikuwa Safari. Mashindano haya yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, mvua zikiwa zimefika. Kwa karibu miaka 20 kila mshindi alikuwa mkazi wa Afrika Mashariki. Viwanda vya Ulaya vilileta madereva hodari, nao wakaishia kwenye tope, mawe na vumbi. Mwaka 1972 mashindano yalianzia Dar es Salaam, na Hannu Mikkola wa Ufini, akiwa na msoma ramani wake Gunnar Palm, akashinda kwa Escort RS1600. Alikuwa mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda. Mwaka 1977, katika Safari iliyojaa mvua, Björn Waldegård wa Uswidi alishinda kwa Escort RS1800, yenye injini ya ukoo huo huo.

Magari ya kiwanda yaliyoshinda Safari yalikuwa na mafundi wakiyafuata njia nzima. Mnunuzi wa kawaida hakuwa nao, na BDA ilihitaji marekebisho ya mara kwa mara. Ndiyo maana mwaka 1973 Ford walitoa RS2000, yenye injini ya kawaida ya kemshafti moja, kwa watu waliotaka mwendo bila usumbufu. RS1800 ya mwaka 1975 nayo ilionyesha funzo limeeleweka: ujazo uliongezwa hadi sentimita za ujazo 1,835, kabureta mbili zikawa moja, na nguvu farasi zikashuka hadi 115 hivi.

Wajapani ndio walioufanya muundo huu kuwa wa kila mtu. Injini ya 1NZ-FE iliyomo ndani ya IST na Probox nyingi ina kemshafti mbili na valvu 16. Mkanda wa mpira umepisha cheni, kwa hiyo hofu ya mkanda kukatika na valvu kugonga pistoni haipo. Mfumo wa VVT-i hubadili wakati wa kufunguka kwa valvu ya kuingiza hewa kulingana na mwendo, ili injini isilazimike kuchagua kati ya mvuto wa chini na nguvu ya juu. Tatizo lililomlazimu Mike Hall kuacha karibu nusu ya nguvu limepata dawa.

Kijana wa Ifakara anayetamani kufunga kemshafti ya mbio au turbo kubwa kwenye gari lake la kazi anastahili kuijua historia hii kabla ya kushusha injini. Wahandisi waliofanikiwa walijiuliza kwanza gari litaenda wapi na litabeba nini, ndipo wakaamua nguvu gani waiache. Kwa barabara ya Idete wakati wa masika, jibu ni mvuto wa chini, rejeta nzima na chujio safi la hewa. Hiyo ndiyo injini bora kwa barabara hiyo, na imechukua wahandisi wa mbio zaidi ya nusu karne kuitengeneza.