Kiswahili Kizimbani: Hofu ya Uislamu kutoka Lindi hadi Ziwa Nyasa

Siku hizi mchambuzi wa siasa akiusema vibaya Uislamu, ubishi haukawii kufika palepale. Upande mmoja unasema huyu ana chuki na Waislamu. Upande wa pili unajibu, aa, kukosoa dini si kumchukia mtu. Watu wanatukanana wiki nzima, halafu kimya, mpaka mwingine aseme. Tunabishana kana kwamba jambo hili limeanza jana, tena limeletwa kutoka Ulaya au Marekani. Kumbe kusini mwa Tanzania, kuanzia Lindi hadi huku kwetu Mbinga na ufukwe wa Ziwa Nyasa, ubishi huu una zaidi ya miaka mia moja. Ulikuwa na wachambuzi wake, watetezi wake, na serikali yenye bunduki iliyokuwa ikiwasikiliza.

Twende Berlin, Oktoba 1910, kwenye Mkutano wa Makoloni wa Ujerumani. Msemaji mmoja ni Karl Axenfeld wa Misheni ya Berlin, shirika la Kilutheri lililokuwa na vituo kaskazini mwa Ziwa Nyasa tangu 1891. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Alisema serikali ya Kijerumani yenyewe ndiyo inayoulea Uislamu: askari wake wengi ni Waislamu, maakida ni Waislamu, walimu wa shule zake wanatoka pwani. Mkutano ukapitisha azimio kwamba kuenea kwa Uislamu ni hatari kubwa kwa makoloni. Aliyesimama upande wa pili ni Profesa Carl Heinrich Becker wa Hamburg. Yeye alisema Uislamu kwa asili yake si hatari, na serikali yenye akili inaweza kuishi nao, hata kuutumia.

Hofu hiyo ilitoka wapi? Ilitoka kusini, kwenye mambo mawili.

La kwanza ni Maji Maji. Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa akiwa safarini kuelekea Liwale. Misheni ya Peramiho ikachomwa. Wamisionari walioponea chupuchupu walikuwa na haki ya kuuliza nani alifanya haya. Ila jibu la baadhi yao, kwamba nyuma yake kuna mkono wa Uislamu, halikai vizuri juu ya ushahidi. Dawa iliyowaunganisha watu ilikuwa maji ya Kinjikitile wa Ngarambe, haikuwa Kurani. Wangoni walioingia vitani walishika mahoka, mizimu ya wazee wao. Walionyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906, wengi wao walibatizwa na padri gerezani kabla ya kufa. Na yule mfanyabiashara Mwislamu aliyetajika kuliko wote katika Ungoni, Rashid bin Masoud wa Kikole, alisimama upande wa Wajerumani. Anayetafuta jihadi hapo atatafuta sana.

La pili ni barua. Mwaka 1908 karatasi ilienea Lindi na wilaya nyingine za koloni. Wajerumani waliiita barua ya Makka. Ilisimulia kwamba Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume, ameota ndoto: Mtume anasikitika kwa sababu Waislamu wameacha sala, Kiyama kiko karibu, watu watubu, na anayeipata barua aieneze. Msomaji, bila shaka karatasi hii unaijua. Imepita mikononi mwa watu kwa mwandiko, ikaja kwa fotokopi, sasa inaingia kwenye simu. Lakini serikali iliyokuwa imetoka kuzima Maji Maji juzi tu ilisoma humo uasi. Watu wakakamatwa. Uchunguzi ukaelekeza kidole Zanzibar, kwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, yule Rumaliza aliyewahi kupigana na Wabelgiji Kongo.

Hapa ndipo ninapoona mpaka unaogombaniwa leo. Padri au mchungaji aliyesema ndoto ya Sheikh Ahmad si ya kweli alikuwa anakosoa. Waislamu wenyewe, wenye elimu yao, wameikataa barua hiyo mara nyingi. Ila aliyesema kwamba mwenye karatasi hiyo mfukoni ni muasi, na kwa hiyo afungwe, huyo alishavuka. Alikuwa hajibu hoja yoyote iliyomo kwenye barua. Alikuwa anamhukumu mtu kwa alichokishika mkononi.

Sasa nisije nikaonekana nawasafisha watu. Kikole ninayoitaja iko wilayani Mbinga, na Rashid bin Masoud alitajirika kwa meno ya tembo na kwa watumwa waliopitishwa njia ya Kilwa. Mwanglikana William Percival Johnson, aliyefika ukanda huu mwanzoni mwa miaka ya 1880 na kuzikwa Liuli mwaka 1928, aliiona misafara hiyo kwa macho yake. Aliyeilaani alilaani jambo la kulaaniwa, na wafanyabiashara wengi katika njia ile walikuwa Waislamu. Kulisema hilo si chuki. Lakini Wamatengo wanajua pia kwamba waliowakimbiza babu zao mpaka wakajibana milimani ni Wangoni, ambao wakati huo hawakuwa na msikiti wala kanisa. Na Waafrika waliotekwa na kufa safarini, wapo waliokuwa Waislamu pia. Ukiligeuza kosa la biashara kuwa tabia ya dini nzima, umemsahau hata mtumwa mwenyewe.

Kwa sisi wapenzi wa fasihi, sehemu inayonishangaza zaidi ni kwamba lugha yetu nayo ilishtakiwa. Wapo wamisionari wa Kijerumani walioona Kiswahili ndicho mlango ambamo Uislamu unapenya bara. Herufi za Kiarabu zikapigwa vita, na wengine wakatamani maneno yenye asili ya Kiarabu yapunguzwe. Mimi nimelelewa Kikatoliki huku Mbinga, najua wangebaki na nini. Ondoa sala, dhambi, injili, malaika, baraka, sadaka, hata msalaba, uone kama Misa ya Jumapili itafika mwisho. Miaka ikapita, Wabenediktini wa Peramiho wakawa wachapaji wakubwa wa vitabu vya Kiswahili. Lugha iliyotiliwa shaka ndiyo iliyobeba Ukristo mpaka Lituhi na Mbamba Bay. Waliokiogopa Kiswahili walidhani neno likizaliwa msikitini haliwezi kuingia kanisani.

Mwisho wa kisa ni wa kusikitisha na kuchekesha kwa pamoja. Oktoba 1913, chini ya Gavana Heinrich Schnee, waraka ulitumwa kwa wakuu wa wilaya kuuliza namna ya kuuzuia Uislamu. Moja ya mbinu zilizotajwa ni kuwahimiza wenyeji wafuge nguruwe! Haukupita mwaka, vita vikafika kwetu. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu hapo Liuli, iliyoitwa Sphinxhafen. Novemba, dola ya Uturuki, mshirika wa Ujerumani, ikatangaza jihadi. Na utawala uleule wa Schnee ukaanza kuwaambia Waislamu wa koloni kwamba Ujerumani ni rafiki wa Khalifa. Waingereza walipoiteka Moshi mwaka 1916 wakaukuta ule waraka wa nguruwe, nao wakautumia kwa propaganda yao.

Becker, mtetezi wa 1910, aliunga mkono siasa hiyo ya jihadi. Mwanazuoni Mholanzi Snouck Hurgronje akamkemea hadharani mwaka 1915, akiita vita hivyo vitakatifu vilivyotengenezwa Ujerumani. Kwa hiyo Axenfeld aliuona Uislamu kama hatari kwa koloni, na Becker akauona kama chombo cha koloni. Wote wawili walikuwa wanajibu swali la mtawala. Yule mtu wa Lindi aliyenakili barua usiku, akiamini kweli kwamba dunia inakwisha, hakuna kati yao aliyemuuliza amepatwa na nini, muda mfupi tu baada ya vita na njaa kufagia kusini nzima.

Ndiyo maana siku hizi nikimsikia mchambuzi akiusema Uislamu, au akimtuhumu mwenzake kwa chuki, sianzi na lile neno kubwa. Natazama anazungumzia kitendo gani, cha nani, mwaka gani, na anataka nani afanywe nini. Akinitajia Kikole na watumwa wake, nitamsikiliza, hata kama maneno yake ni makali. Akiniambia jirani yangu wa Mbinga mjini, anayefungua duka baada ya swala ya alfajiri, ni hatari kwa sababu anaswali, basi huyo hana alichokosoa. Anarudia azimio la 1910 bila kujua.