Uzibaji wa pancha katika tairi ndogo

Uzibaji wa pancha ni kazi ya kuzuia upepo usivuje kwenye tairi. Tairi ndogo, kama za toroli, baiskeli na skuta, hubeba upepo kidogo. Tundu la mwiba mmoja hulilaza tairi upesi.

Njia ya kawaida kwa tairi lenye tyubu ni kiraka. Fundi huizamisha tyubu kwenye maji, huangalia mapovu yanapotokea, hukwangua mahali hapo kwa msasa, hupaka gundi na kuiacha ikauke kabla ya kubandika. Wenye haraka hubandika gundi ikiwa mbichi, na kiraka hubanduka. Mafundi wengine huchoma: mpira mbichi hubanwa juu ya tundu na kupashwa moto hadi ushikamane na tyubu.

Dawa ya pancha ni ugiligili wenye nyuzi au utomvu wa mpira, unaoingizwa kupitia valvu. Upepo unapotoroka huisukuma dawa tunduni, nyuzi hujikusanya na kuziba. Hufaa kwa matundu madogo ya sehemu inayokanyaga barabara, si kwa ubavu uliochanika wala shina la valvu lililokatika. Yenye utomvu hukauka baada ya miezi kadhaa, na tyubu iliyolowa dawa huwasumbua mafundi kwa sababu kiraka hakishiki mpaka isafishwe.

Tairi la toroli lisilo na tyubu mara nyingi huvuja kwenye ukingo wa rimu yenye kutu. Hapo kutia tyubu hudumu kuliko dawa.