Matini Ndani ya Msimbo: Historia ya Heredoki katika Lugha ya PHP na Funzo Lake kwa Kiswahili

Lugha ya PHP, aliyoianza Rasmus Lerdorf mwaka 1994 na kuitoa kwa umma mwaka 1995, ilikusudiwa kukaa ndani ya ukurasa wa HTML. Matini ilikuwa mwenyeji, msimbo ukawa mgeni. Kadiri programu zilivyokua, uhusiano huo uligeuka: kurasa na barua pepe nzima zikaanza kuandikwa ndani ya msimbo. Makala hii inafuatilia sintaksia iliyohudumia mageuzi hayo, na kuonyesha kwamba wepesi iliouleta haukutatua tatizo la lugha zenye upatanisho mpana wa kisarufi.

Ugumu wa awali ulitokana na alama za kunukuu. PHP hufunga matini kwa alama hizo, na HTML nayo huzitumia. Kila alama ya ndani iliyofanana na ile ya nje ililazimika kutanguliwa na alama ya kuikinga. Kuisahau mara moja kulitosha kuvunja programu.

Suluhisho lilikuwa la kurithi. Programu ya kupokea amri aliyoiandika Stephen Bourne, iliyosambazwa na toleo la 7 la Unix mwaka 1979, iliruhusu mistari mingi ya matini kuwekwa papo hapo kati ya amri. Lugha ya Perl iliufuata mtindo huo, na PHP 4, iliyotolewa Mei 2000, ikaupokea kwa jina la heredoki. Mwandishi huanza kwa alama <<< na neno alilolichagua. Yote yanayofuata ni matini hadi neno hilo lirudi. Alama za kunukuu hazihitaji tena kukingwa, na vigeu vilivyomo hujazwa thamani zake.

Marekebisho mawili yalifuata. PHP 5.3 ya mwaka 2009 ilileta naudoki, ambayo huacha matini kama ilivyo bila kujaza vigeu. Hadi wakati huo, na kwa miaka mingine tisa, neno la kufungia lilipaswa kuanza mwanzoni kabisa mwa mstari, bila nafasi hata moja mbele yake. PHP 7.3 ya Desemba 2018 ililiruhusu neno hilo kusogezwa ndani, na nafasi zinazolitangulia zikaondolewa katika kila mstari wa matini.

Hatua zote hizo zilimhudumia mwandishi wa programu. Mfasiri hakufikiriwa. Sentensi yenye kigeu mahali pa nomino huweza kuifaa lugha isiyo na ngeli. Katika Kiswahili, kitabu kimesajiliwa, mtu amesajiliwa, magari yamesajiliwa: kubadilisha nomino pekee huharibu kitenzi. Idadi nayo hudai sentensi nyingine, kwa kuwa mgeni 1 amefika, bali wageni 5 wamefika. Sentensi ikifungwa ndani ya msimbo, mfasiri hawezi kuirekebisha asipougusa msimbo wenyewe.

PHP yenyewe ina njia nyingine: nyongeza ya gettext huweka tafsiri katika mafaili ya pekee na kutenga umoja na wingi. Hata hivyo, upatanisho wa ngeli hubaki kazi ya anayepanga sentensi. Kwa hiyo, taasisi inayoagiza mfumo wa huduma kwa Kiswahili haina budi kudai tangu mkataba kwamba matini itengwe na msimbo, na kwamba kila ngeli ipewe sentensi kamili. Sera ya lugha isiyofika hapo huishia kwenye nembo na vichwa vya kurasa.