KABLA YA VIUMBE WA SAYARI NYINGINE TULIKUWA NA MUMIANI: STORI YA KIUMBE ALIYEVAA SURA YA MTU

Kama wewe ni mtu wa sizoni, lazima umeshakutana na hii stori hata mara moja. Kuna jirani, ana kazi yake, anasalimia vizuri, kumbe siyo mtu. Katokea sayari nyingine, kavaa mwili wa binadamu, anatusoma tu. Wamarekani wameipika stori hiyo miaka na miaka. Leo tuanze na moja ya zamani halafu turudi nyumbani, maana huku kwetu ilikuwepo kabla watu hawajajua TV ni nini.

Mwaka 1967 kituo cha ABC cha Marekani kilianza kuonyesha The Invaders. Jamaa mmoja, David Vincent, msanifu wa majengo, kapotea njia usiku akaona chombo kinatua. Tangu siku hiyo anazunguka kuwaambia watu kwamba wavamizi wameshafika na wanafanana na sisi. Hakuna anayemuelewa. Episodi 43 jamaa anahangaika! Kilichonifurahisha ni alama zao. Wengi wao kidole kidogo cha mkono hakikunjiki, kimesimama kama mtu anayekunywa chai kwa maringo. Moyo haudundi. Na wakifa wanawaka mwanga mwekundu, wanayeyuka, hakuna mwili wa kuzika. Hilo la mwisho lishike, nitalirudia.

Ilikuwa enzi ya vita baridi, Mmarekani anamuogopa mkomunisti aliyejificha mtaa wa pili, kwa hiyo inaeleweka. Sisi bara televisheni hatukuwa nayo kabisa, ITV imeanza 1994. (Zanzibar walitutangulia, wao TV ya rangi walikuwa nayo tangu miaka ya 70, waacheni waringe.)

Lakini sisi tulikuwa na mumiani.

Neno lenyewe limetoka Uajemi, na ni ndugu wa lile neno la Kiingereza la maiti zilizokaushwa za Misri. Pwani mumiani ilikuwa dawa, kitu cheusi kama lami, na watu wakaamini imetengenezwa kwa damu ya binadamu. Baadaye jina likahama kutoka kwenye dawa, likamuangukia mtu anayeitafuta hiyo damu. Kenya na Uganda wakawaita wazimamoto. Wengine wanasema chinjachinja.

Sasa hapa ndiyo patamu. Mumiani hakuwa na pembe wala mkia. Alikuwa mtu wa kawaida, mara nyingi mweusi mwenzako, ana sare, ana mshahara, anapanda gari. Enzi za mkoloni, Nairobi, Kampala mpaka Dar, watu walisimuliana kwamba kuna wanaokamata watu usiku na kuwanyonya damu ili ipelekwe kwa Wazungu. Kwa nini wazimamoto? Fikiria mwenyewe: gari kubwa jekundu, mipira, ndoo, wanaume wa sare wanaolala kazini, na wewe maisha yako yote hujawahi kuwaona wakizima nyumba ya mtu wa mtaani kwenu. Mwanahistoria Luise White ameandika kitabu kizima juu ya haya, Speaking with Vampires, kilitoka mwaka 2000. Yeye hababaiki na kama ni kweli au uongo, anatazama stori inasema nini kuhusu maisha ya waliokuwa wanaisimulia. Nakubaliana naye, ila nusu tu, na nitasema kwa nini.

Nusu ninayokubali ni hii: damu ilichukuliwa kweli. Malale yalipoivamia Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1900, watu zaidi ya laki mbili walikufa, na madaktari wa kikoloni walizunguka ukanda wa ziwa wakipima watu. Mgeni anakuja, anakutoboa, anaondoka na damu yako kwenye chupa. Ungefikiria nini?

Nusu nyingine ni kwamba stori ilianza kuua. Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1959, uvumi wa mumiani ulizaa ghasia na askari polisi akauawa. Unguja mwaka 1995, wakati wa hofu ya Popobawa, watu walimuua mtu mwenye matatizo ya akili wakidhani ndiye.

Halafu juzi tu hapa. Tarehe 1 Oktoba 2016, kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma. Watafiti wawili wa kilimo kutoka kituo cha Selian, Arusha, na dereva wao, wamekwenda kuchukua sampuli za udongo. Udongo jamani. Mayowe yakapigwa kwamba ni wanyonya damu, kijiji kikakusanyika, wote watatu wakauawa na gari likachomwa moto. Ile TV ilidanganya hapo. Hawa hawakuyeyuka. Miili ilibaki, ikasubiri ndugu waje.

Mimi ni wa Nyangoto, huku Tarime. Tulipokuwa wadogo, gari geni likisimama na watu wakashuka na vyuma vya kupimia, tulikuwa tunakimbilia kwenye mihogo. Bibi ndiye alitufundisha kukimbia. Msimcheke. Aliwahi kuona wageni wakichukua udongo kwenye mifuko bila kumwambia mtu ni wa nini, na miaka ilivyopita, pale watu walipokuwa wanalima pakawa na uzio. Aliyekuja kupima hakurudi kueleza.

Mwaka juzi nikapata kibarua cha siku tatu, kushika futi kwa ajili ya wapima viwanja. Wakanipa koti lile la kung'aa na kofia ngumu. Siku ya pili tunapita kwenye njia ya mifugo, mtoto mmoja kama wa miaka saba akatuona, akaacha mbuzi, mbio. Nikacheka. Nikamuita kwa Kikurya ili asikie mimi ni wa hapahapa.

Akaongeza mbio.

Jioni nikavua lile koti kabla sijafika senta. Kwenu mlikuwa mnawaitaje hawa watu, na nani aliwafundisha kuwakimbia?