Nota tano juu ya kodi zinazobadilika: jinsi wapiga piano wa jazi wanavyobuni solo

Katika jazi, mpiga piano hasomi kila nota kwenye karatasi. Wimbo humpa vitu viwili: sauti yake kuu na mfululizo wa kodi, yaani mafungu ya nota zinazopigwa pamoja. Wimbo ukishapigwa mara moja, kodi huendelea kuzunguka kwa mpangilio uleule, naye hubuni sauti mpya juu yake papo hapo. Hiyo ndiyo solo.

Mojawapo ya nyenzo zake ni ngazi ya nota tano. Katika makala hii tunaeleza ngazi hiyo ni nini, inakaaje juu ya kodi, na kwa nini kuijua tu hakutoshi. Ukiweza kuimba do re mi, utaweza kutufuata. Ukiwa na kinanda kidogo cha betri au programu ya piano kwenye simu, jaribu kila hatua unaposoma.

Ngazi ya nota tano ni nini?

Waimbaji wa kwaya wanazijua nota saba: do, re, mi, fa, so, la, ti. Ondoa fa na ti. Zinabaki tano: do, re, mi, so, la. Kwenye kii ya C, hizo ni C, D, E, G na A.

Kwa nini tuondoe fa na ti? Katika ngazi ya nota saba, nota nyingi zimeachana kwa toni nzima. Sehemu mbili tu zina nusu toni: kati ya mi na fa, na kati ya ti na do. Waombe waimbaji wawili washike sauti, mmoja mi na mwingine fa iliyo jirani yake. Utasikia zinavyosuguana. Fa na ti zikiondoka, hakuna tena majirani waliokaribiana kiasi hicho, ndiyo maana nota tano zilizobaki zinapatana kwa urahisi.

Njia rahisi ya kuzisikia ni kugusa vibonyezo vyeusi peke yake. Viko vitano katika kila oktava, na vyenyewe ni ngazi kamili ya nota tano kwenye kii ya F shapu.

Ukianza na la badala ya do, unapata la, do, re, mi, so. Vibonyezo ni vilevile, ila ladha inageuka na kuwa ya huzuni kidogo. Wanamuziki huiita ngazi ya nota tano ya maina. Kwa hiyo fungu la C meja na fungu la A maina lina nota zilezile. Ukijifunza moja umejifunza mbili.

Si kila nota tano ni hizi

Muziki wa nota tano si mgeni Afrika Mashariki, lakini tusichanganye mambo. Amadinda, marimba kubwa ya Buganda yenye vibao 12, ina nota tano katika oktava, ila zimegawanywa kwa nafasi zinazokaribia kulingana. Nyimbo za Wagogo wa Dodoma, ambazo marehemu Hukwe Zawose alizifikisha mbali duniani, hufuata sauti za asili zinazotoka kwenye uzi unapotetemeka. Ukizitafuta sauti hizo kwenye piano, nyingine utazikuta zimeangukia katikati ya vibonyezo viwili. Hapa tunazungumzia nota tano za piano, jinsi wanajazi wa Marekani walivyozitumia.

Kwa nini "huwezi kukosea" ni nusu ya ukweli

Wanaoanza huambiwa: piga nota tano tu, hutakosea. Ni kweli kwamba hakutakuwa na mgongano mkubwa. Lakini baada ya dakika mbili solo yote inafanana. Kodi zinasogea, mpigaji amekaa palepale, na msikilizaji anachoka bila kujua sababu.

Sababu ni hii: nota haina maana peke yake. Maana yake inatokana na kodi iliyo chini yake. Jaribu nota moja, A, kwa mkono wa kulia. Ishikilie, kisha badilisha kodi kwa mkono wa kushoto:

- Chini yake weka C meja. A ni nota ya sita, tulivu na yenye uchangamfu.
- Weka F meja. A sasa ni ya tatu, nota inayoifanya kodi iwe meja. Inasikika imefika nyumbani.
- Weka D maina. A ni ya tano. Ni imara, lakini haina mengi ya kusema.
- Weka G. A imekuwa ya pili, nayo inaning'inia kana kwamba inataka kwenda mahali.
- Weka B flati meja. A ni ya saba, tamu na yenye hamu.

Kidole hakijasogea, lakini umesikia mambo matano. Hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo. Swali la mpiga piano wa jazi si "nota tano ni zipi?" Swali lake ni "nota tano zipi, juu ya kodi ipi?"

Mafungu matatu juu ya kodi moja

Chukua kodi ya C meja yenye nota ya saba, inayoandikwa Cmaj7: C, E, G, B. Juu yake unaweza kuweka mafungu matatu tofauti.

Fungu la C: C, D, E, G, A. Hili limekaa ndani kabisa. Ni salama, na kila mtu anasikia uko wapi.

Fungu la G: G, A, B, D, E. C imeondoka, B imeingia. Bado uko ndani ya kii, lakini sauti ni nyepesi zaidi kwa sababu hukanyagi nota ya msingi.

Fungu la D: D, E, F shapu, A, B. Sasa imeingia F shapu, ambayo haimo kwenye kii ya C. Inang'aa na kushangaza kidogo, bila kugombana na kodi.

Kanuni ya kukumbuka: juu ya kodi ya meja, anzisha fungu lako kwenye nota ya kwanza, ya tano au ya pili ya kodi hiyo. Kadiri unavyotoka la kwanza kwenda la pili na la tatu katika orodha hii, ndivyo unavyosogea mbali na nyumbani.

Kodi zinapotembea: mbili, tano, moja

Nyimbo nyingi za jazi zimejengwa kwa mwendo wa kodi tatu: ile ya nota ya pili, kisha ya tano, kisha ya kwanza. Kwenye kii ya C ni D maina (Dm7), G (G7), halafu C (Cmaj7). Ya kwanza inaandaa safari, ya pili inavuta, ya tatu inafika.

Njia ya kwanza ni ya utulivu. Juu ya Dm7 piga fungu la F: F, G, A, C, D. Juu ya G7 piga fungu la G: G, A, B, D, E. Juu ya Cmaj7 piga fungu la C. Sikiliza F inavyoondoka na B kuingia kodi inapogeuka kuwa G7. Badiliko hilo dogo ndilo linalomwambia msikilizaji kwamba mwendo umesogea, hata kama hajui jina la kodi yoyote.

Njia ya pili ina pilipili:

- Juu ya Dm7, fungu la C: C, D, E, G, A.
- Juu ya G7, fungu la D flati: D flati, E flati, F, A flati, B flati.
- Juu ya Cmaj7, fungu la D: D, E, F shapu, A, B.

Tazama mkono ulivyosafiri. Umbo la fungu ni lilelile, limepanda nusu toni mara mbili: C, D flati, D. Katika fungu la kati, F peke yake ndiyo nota ya kodi ya G7. Nne zilizobaki ziko nje kabisa, na kila moja iko nusu toni tu kutoka nota ya kutulia. Ndiyo maana masikio yanavumilia ukali huo: yanasikia kwamba kila nota ina mlango wa karibu wa kutokea. Kodi ya Cmaj7 inapoingia, nota zote tano zinapanda nusu toni na mvutano unaachia.

Ukali huu unafaa kwa muda mfupi. Ukikaa kwenye fungu la D flati baada ya kodi kubadilika, sasa unakosea kweli.

McCoy Tyner na mkono wa kushoto

Mpiga piano anayetajwa zaidi katika habari hii ni McCoy Tyner, aliyezaliwa Philadelphia mwaka 1938 na kufariki mwaka 2020. Alipokuwa kijana, piano yake ilikaa katika saluni ya mama yake, na mazoezi yakafanyika humo. Mwaka 1960 alijiunga na kundi la mpiga saksafoni John Coltrane, akakaa nalo hadi 1965.

Kundi hilo lilipenda kukaa juu ya kodi moja kwa muda mrefu. Kodi isiposogea, mpigaji lazima atafute safari kwingine. Tyner aliipata katika mafungu ya nota tano: alianza ndani, akahamisha fungu nusu toni juu au chini, akazunguka nje, kisha akarudi kwa kishindo mkono wa kushoto ukigonga nota nzito za besi. Msikilizaji hapotei, kwa sababu besi inamkumbusha nyumbani ni wapi.

Kodi zake za mkono wa kushoto nazo zina undugu na ngazi hii. Chukua nota tano za C uzipange kwa kuruka hadi nota ya nne kila mara: E, A, D, G, C. Zote tano zimetumika, hakuna iliyobaki. Kodi zilizojengwa hivyo hazisemi wazi kama ni meja au maina, hivyo zinamwachia mkono wa kulia nafasi ya kwenda anakotaka.

Ukitaka kusikia haya, tafuta "Passion Dance" kutoka albamu yake *The Real McCoy* ya mwaka 1967. Tafuta pia *A Love Supreme* ya Coltrane, iliyorekodiwa Desemba 1964. Sehemu yake ya kwanza imesimama juu ya kipande cha besi cha nota nne kilichotoka katika ngazi ya nota tano ya F maina. Kuelekea mwisho wa sehemu hiyo, Coltrane anakipitisha kipande hicho katika kii zote 12.

Kodi zinapokimbia

Kuna nyimbo ambazo kodi hazitulii. "Giant Steps" ya Coltrane, iliyorekodiwa mwaka 1959, inaruka kati ya kii tatu, B, G na E flati, na mara nyingi kodi hubadilika kila mapigo mawili. Hakuna muda wa kutandaza nota tano zote. Mara nyingi Coltrane alitumia nne tu: do, re, mi, so ya kodi iliyopo, kisha do, re, mi, so ya inayofuata. Nota hizo chache zinataja kodi waziwazi na kuacha nafasi ya kuwahi inayokuja.

Jinsi ya kufanya mazoezi

1. Imba kabla ya kupiga. Do, re, mi, so, la, kupanda na kushuka, hadi uzisikie kichwani bila kinanda.

2. Jifunze fungu moja kwa siku. Kii ziko 12. Katika wiki mbili utakuwa umezipitia zote.

3. Usitumie kitufe cha kuhamisha kii. Wapiga vinanda wengi hupiga kila wimbo kwenye kii moja waliyoizoea, kisha hubonyeza kitufe hicho. Kinasaidia kumfuata mwimbaji, lakini hapa hakitakufaa, kwa sababu unahitaji mafungu matatu tofauti ndani ya wimbo mmoja.

4. Shika kodi moja kwa dakika tano. Weka Cmaj7 kushoto, upige mafungu ya C, G na D kwa zamu. Usihame hadi utofautishe ladha zake.

5. Piga mbili, tano, moja polepole, kwanza njia ya utulivu, kisha yenye pilipili.

6. Usipande na kushuka ngazi tu. Ruka nota, rudia nota, badilisha mapigo, nyamaza. Mtu akizungumza anameza mate na kuvuta pumzi. Solo nayo inahitaji hivyo.

Asiye na kinanda aanze na zoezi la kwanza pamoja na mwenzake: mmoja aimbe nota ya msingi na kuibadilisha, mwingine ashike la. Masikio yakishajua kwamba nota ileile inageuka maana chini ya kodi nyingine, vidole vitakuwa na sababu ya kusogea.